Ukishuka Mlima, Nani Anayechagua Gia?

Ukitaka kuzua ubishi usiokwisha mjini Nyeri, huna haja ya kutaja siasa wala malipo ya kahawa. Nenda Jumamosi alasiri mahali vijana wanapooshea magari, kisha useme kwa sauti ya kusikika kwamba gari la otomatiki si gari. Kabla hujafunga mdomo utakuwa umezingirwa.

Mmoja atakuunga mkono na kusema dereva halisi ni yule wa manyuali, mwenye klachi mguuni na mkono wa gia kiganjani. Wa pili atakufungulia mlango wa Subaru yake ya turbo ili ujionee mwenyewe. Ni otomatiki, atakubali, lakini ndani yake mna manyuali pia. Mkono wa gia unausukuma kando, penye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Nyuma ya usukani mna vipande viwili vilivyochomoza mithili ya masikio. Ukivuta sikio la kulia gia inapanda, ukivuta la kushoto inashuka, na klachi haipo. Wa tatu, ambaye aghalabu ni mzee aliyewahi kuendesha lori, atatikisa kichwa na kusema hivyo ni vitu vya kuchezea watoto.

Je, ni nani aliye na haki? Swali hili si la mzaha. Kwa sisi tunaoishi kuuzunguka Mlima Kenya, kutoka Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Meru, Chuka na Embu, barabara ni kupanda na kushuka. Jibu lake laweza kuamua kama mtu wako atafika nyumbani ama hatafika.

Ubishi wabisha hodi

Miezi michache iliyopita ubishi huo uliingia kwetu. Dada yangu, anayeishi karibu na Karatina, alikuwa ameweka akiba katika chama chao cha akina mama mpaka akafikia uwezo wa kununua gari lililotumika kutoka Japani. Goti lake la kushoto linamsumbua kwa muda mrefu. Pikapu ya zamani ya nyumbani imemshinda, kwani kila akikanyaga klachi anauma meno kwa maumivu. Mwanawe amepata kazi ya ualimu upande wa Chuka, naye ndiye angekuwa akiliendesha gari hilo mwisho wa juma na kumpeleka mama yake kliniki.

Kijana alikuwa amekwisha kuchagua: Subaru ya turbo, otomatiki, yenye masikio. Baba yetu, ambaye wajukuu humwita Guka, akakataa katakata. Yeye alibeba abiria kwa Peugeot kati ya Nyeri na Nairobi katika miaka ya 1970, na kwake gari lisilo na klachi ni kiti chenye magurudumu.

"Guka, hiyo ina manyuali pia," kijana akamwambia kwa heshima.

"Manyuali ya kubonyeza?" mzee akauliza. "Hata redio hubonyezwa."

Dada yangu akanigeukia. "Kaka, wewe umeendesha magari ya kila aina. Tuamulie. Lakini ukumbuke kwamba mimi goti sina, na mtoto ninaye mmoja."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nilichukue jambo hili kwa uzito.

Kilichomo ndani

Tuanze na yale yasiyo na ubishi. Injini ya gari haifanyi kazi vizuri ikizunguka polepole mno, wala haistahimili kuzunguka kwa kasi kupita kiasi. Gia ndizo zinazopatanisha mzunguko wa injini na mwendo wa magurudumu. Gia ya chini hutoa nguvu nyingi na mwendo mdogo. Gia ya juu hutoa mwendo mkubwa na nguvu kidogo. Yeyote aliyewahi kupanda na baiskeli kutoka Mto Chania hadi mjini Nyeri analijua hilo kwa mapaja yake.

Katika gari la manyuali, klachi ni sahani inayobanwa kwenye gurudumu zito la injini. Ukikanyaga pedali, sahani inaachana na injini na nguvu inakatika. Unahamisha gia kwa mkono, unaachilia pedali, nguvu inarudi. Kila uamuzi ni wako, na kila kosa pia. Ukiwa unakwenda kasi katika gia ya nne, kisha ukaingiza ya pili kwa bahati mbaya na kuachilia klachi, magurudumu yatailazimisha injini izunguke kupita uwezo wake. Hakuna wa kukuzuia, na gharama ya fundi ni yako.

Otomatiki ya kawaida haina klachi ya mguu. Kati ya injini na giaboksi kuna kifaa kilichojaa mafuta. Injini inayavurumisha mafuta hayo, nayo yanauzungusha upande wa pili, kama vile feni moja inavyoweza kuizungusha nyingine kwa upepo wake. Ndiyo maana unaweza kusimama ukiwa kwenye D na injini isizimike. Kompyuta inaangalia mwendo wako na jinsi unavyokanyaga mafuta, kisha inachagua gia.

Sasa masikio yanafanya nini? Unapolivuta sikio, hushiki gia yoyote. Unatuma ombi. Kompyuta inalipima ombi lako. Likifaa inalitekeleza, likiwa la hatari inalikataa. Omba gia ya kwanza ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, hutapewa. Na katika magari mengi, ukichelewa kupandisha gia wakati injini imefika kikomo chake, kompyuta itapandisha bila kukungoja.

Kuna na aina nyingine, ile inayoitwa CVT, ambayo haina gia za kupanda na kushuka hata kidogo. Ndani yake mna ukanda au mnyororo wa chuma unaopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Gari la namna hiyo likiwa na masikio, ile "gia ya tatu" unayoiona kwenye dashibodi ni mahali tu ambapo kompyuta imekubali kuzituliza puli zake. Ziko pia za klachi mbili, kama ile Volkswagen iliyoiingiza katika Golf mwaka 2003. Klachi moja hushughulikia gia ya 1, 3 na 5, na nyingine ya 2, 4 na 6, hivyo gia inayofuata huwa tayari imekwisha kuandaliwa. Hiyo huhamisha gia upesi kuliko mkono wa binadamu yeyote.

Kwa hivyo mzee alikuwa na haki kwa upande mmoja. Masikio si manyuali. Ni otomatiki inayokubali kusikiliza.

Gia ya usukani si jambo geni

Mpwa wangu hakukubali kushindwa. "Mjomba," akasema, "mbona hata magari ya mashindano yaliachana na klachi ya mguu zamani?"

Hapo naye alikuwa na haki. Mwaka 1989 Ferrari ilileta gari la Formula One lililoitwa 640, kazi ya mbunifu Mwingereza John Barnard, likiwa na vipande vya kubadilishia gia nyuma ya usukani. Wengi walilitilia shaka. Nigel Mansell akalishinda nalo shindano lake la kwanza kabisa, nchini Brazil. Miaka michache baadaye timu nyingine zikafuata. Faida mojawapo ilikuwa ile ile aliyoipigania kijana wetu: mikono yote miwili inabaki kwenye usukani.

Nikamkumbusha Guka jambo ambalo huenda vijana wa leo hawalijui. Peugeot 404 aliyokuwa akiendesha haikuwa na mkono wa gia sakafuni. Ulichomoza kando ya usukani. Na gari hilo halikuwa la mchezo. Lilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968, Nick Nowicki na Paddy Cliff waliposhinda nalo, magari saba pekee ndiyo yaliyofika mwisho. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland wa Tanzania.

Mzee akatabasamu kwa kumbukumbu. "Lakini klachi ilikuwako," akasema.

Na yeye pia ana mashahidi wake. Mwaka 2013 Porsche ilitoa 911 GT3 mpya isiyo na manyuali kabisa. Wapenzi wa gari hilo walilalamika, na mwaka 2017 manyuali ikarudishwa. Hata katika rali, mashindano ambayo yalirejea Kenya mwaka 2021 huko Naivasha kama sehemu ya ubingwa wa dunia, magari ya daraja la juu yaliachana na masikio kuanzia mwaka 2022. Yakarudi kwenye mkono wa gia wa kuvuta na kusukuma, tena wenye gia tano badala ya sita.

Unaona basi, msomaji, kwamba wenye fedha na wenye utaalamu bado wanavutana. Tukiuliza ni ipi iliyo na kasi zaidi, masikio yameshinda zamani. Tukiuliza ni ipi inayompa dereva raha zaidi, wengi watashikilia manyuali. Lakini mlimani kwetu kuna swali la tatu, nalo ndilo dada yangu alilokuwa akiliuliza bila kulitaja.

Mlima na hesabu zake

Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hivyo gari lililoonekana lenye nguvu Mombasa hufika Nyeri likiwa limepungukiwa na karibu moja kwa sita. Turbo hulisukumia injini hewa zaidi, na hiyo ni sababu moja ya vijana wa huku kuipenda. Asiye na turbo hana budi kujua gia zake. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini ya sentimita za ujazo 660 tu. Injini ndogo kama hiyo haimsamehe dereva asiyejua wakati wa kushusha gia.

Hata hivyo, kupanda hakuui. Ukikosea gia ukipanda, gari litalegea, utapigiwa honi, utaaibika, basi. Kifo kiko kwenye kushuka.

Wanafunzi mnaosoma fizikia, fanyeni hesabu hii pamoja nami. Kutoka Timau, iliyo juu ya mita 2,000, barabara hushuka hadi Isiolo, iliyo karibu mita 1,100. Chukua gari la kilo 1,500 likishuka mita 900. Nishati inayoachiliwa na mteremko huo ingetosha kuchemsha karibu lita 40 za maji baridi, yaani madumu mawili makubwa. Sehemu yake inachukuliwa na upepo na matairi. Inayobaki lazima iende mahali. Ama iende kwenye breki, ambazo kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, ama iende kwenye injini.

Breki zikipata joto kupita kiasi hupoteza mshiko. Mafuta ya breki yakichemka hutoa mapovu, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Gari likiwa katika gia ya chini, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini inayapinga. Inanguruma, inazuia, na breki zinapumzika. Ndiyo maana madereva wa zamani waliambiana: gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoshukia.

Wako wanaofanya kinyume. Wanatia gia fri juu ya mlima ili waokoe mafuta. Hiyo ni hasara mara mbili. Magari mengi ya siku hizi hukata mafuta kabisa unapoteremka katika gia bila kukanyaga, ilhali ukitia fri injini huendelea kunywa ili isizimike. Hawaokoi kitu, na wameitupa breki yao ya pili.

Huko anakofanyia kazi mpwa wangu kuna Daraja la Nithi, kwenye barabara kuu ya kutoka Meru kuja Embu na Nairobi. Barabara inashuka kwa kona hadi mtoni, kisha inapanda tena. Jumapili moja ya Julai 2022, basi la abiria liliacha barabara hapo likatumbukia bondeni. Watu zaidi ya 30 walifariki. Maafisa walisema wakati huo kwamba huenda breki zilikuwa zimeshindwa. Sisemi kwamba najua kilichotokea ndani ya basi lile. Nasema tu kwamba kila mama aliye na mtoto anayepita hapo ana haki ya kuuliza: mwanangu anajua kushuka?

Tuliyoyaona upande wa Othaya

Maneno matupu hayavunji mfupa. Kijana akaazima Subaru ya rafiki yake, mimi nikaja na pikapu, tukaenda kwenye mteremko mmoja mrefu wa upande wa Othaya asubuhi na mapema, kabla magari hayajawa mengi. Nikakaa kando yake nikamwambia ashuke kama anavyoshuka siku zote.

Akaacha gari kwenye D. Alipoinua mguu kutoka kwenye mafuta, kompyuta ilidhani anataka kusafiri kwa starehe, ikapandisha gia. Gari likachukua kasi. Akakanyaga breki, akaachilia, akakanyaga tena, na kufikia katikati ya mteremko mguu haukutoka tena kwenye breki. Tuliposimama chini harufu ya kuungua ilikuwa imeingia ndani ya gari.

"Masikio yako wapi?" nikamuuliza.

Akayatazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuyaona. "Mjomba, hayo ni ya kuongezea mwendo," akasema. "Sikufikiria kuyatumia kushuka."

Hapo, msomaji, nikapata jibu ambalo nisingelipata kwa kusoma vitabu vya mafundi. Chombo alikuwa nacho. Alichokikosa ni mazoea ya kufikiri kabla ya mteremko.

Tukaacha breki zikapoa, tukarudi juu. Mara hii, kabla ya pua ya gari kuinama, alisukuma mkono wa gia kando akashusha hadi ya tatu, kisha ya pili. Injini ikanguruma. Gari likashuka kwa kilomita zipatazo 40 kwa saa, naye akagusa breki mara chache tu kwenye kona. Chini hapakuwa na harufu yoyote. Gari lilikuwa lile lile, mteremko ule ule, dereva yule yule.

Kisha tukaingia kwenye pikapu. Akaanza kushuka katika gia ya tatu, na mambo yalipokuwa ya kasi akataka kuingiza ya pili akiwa tayari mteremkoni. Akakanyaga klachi. Mara injini ikanyamaza na pikapu ikaruka mbele kama ng'ombe aliyekatika kamba, kwa maana klachi ikiwa chini hakuna kinachoishika. Ilikuwa muda mfupi tu, gia ikaingia, lakini uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Hii ndiyo shule yenyewe," nikamwambia. "Lori lenye mzigo likikosa gia hapo, dereva hana pa kushika tena."

Nilimweleza pia kwamba katika jambo hilo masikio yanaishinda manyuali. Otomatiki hushusha gia katikati ya mteremko bila kuiachilia injini kwa muda huo wote, na haitakubali gia itakayoivunja. Manyuali haikupi nafasi ya pili. Inakulazimisha uamue ukiwa bado juu, na ukikosea inakutisha. Kwa sababu hiyo ni mwalimu bora, ingawa huenda si chombo bora.

Kila moja na siku yake

Baada ya hapo hukumu haikuwa ngumu. Niliitoa mezani mbele ya wote.

Otomatiki ina heshima yake. Inampa dada yangu uhuru ambao klachi ilimnyang'anya. Siku ya soko Karatina, magari yanaposogea hatua kwa hatua mlimani, otomatiki hairudi nyuma kirahisi wala haina sahani ya klachi ya kuunguza. Anayemdharau mwendeshaji wa otomatiki amsimamie kwanza mama mwenye goti bovu aone.

Manyuali nayo ina siku zake. Betri ikifa shambani, wanaume watatu wakisukuma, gari la manyuali litawaka. La otomatiki halisukumwi likawaka. Likiharibika njiani, manyuali hukokotwa ikiwa fri bila shida nyingi, ilhali otomatiki nyingi zikikokotwa magurudumu yanayoendesha yakiwa chini zinaweza kuharibu giaboksi. Na wakati wa mvua, kwenye udongo mwekundu wa Mukurweini, mwenye klachi huweza kulitingisha gari mbele na nyuma kwa ustadi hadi likatoka topeni.

Kuna na suala la leseni ambalo wazazi wengi hawalitambui. Kulingana na madaraja yanayotumiwa na mamlaka ya NTSA, daraja la B1 ni la gari dogo la otomatiki. Anayetaka kuendesha dogo la manyuali anahitaji B2. Kijana akijifunza otomatiki pekee kwa sababu ni rahisi, siku atakayoambiwa kazini achukue pikapu ya shule, sheria haimruhusu.

Basi tulikubaliana hivi. Gari likanunuliwa otomatiki, kwa ajili ya mama. Likawa lenye alama ya kujumlisha na ya kutoa, kwa ajili ya miteremko. Turbo iliachwa, kwa sababu dada yangu alipopiga hesabu ya mafuta na bima alicheka peke yake. Na kijana akajiandikisha kwa B2, ajifunze kwa pikapu ya zamani chini ya Guka mwenyewe. Mzee aliridhika, ingawa hadi leo hulikagua lile gari kwa kulizunguka na kuuliza klachi imefichwa wapi.

Kwa wewe uliye na otomatiki

Huenda unasema, "Langu halina masikio wala alama ya kujumlisha." Tazama tena. Magari mengi ya Japani ya miaka iliyopita yana kitufe kidogo kwenye mkono wa gia kilichoandikwa O/D. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi, na gari halitaingia gia ya juu kabisa. Chini ya D huenda pana 2 na L, au 3, 2 na L. Baadhi ya CVT zina S au L, na Toyota nyingi za haibridi zina B. Wengi wamekaa na herufi hizo miaka mitano bila kuzigusa, wakidhani ni za fundi. Ni zako. Ziliwekwa kwa ajili ya mlima.

Utaratibu ni huu. Punguza mwendo kwa breki ukiwa bado juu. Shusha gia kabla mteremko haujaanza. Acha injini ingurume. Ngurumo hiyo si ugonjwa, mradi mshale wa mizunguko haujaingia kwenye rangi nyekundu. Ikiwa bado unachukua kasi, gia yako ingali juu, basi kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, shusha tena, kisha ziachilie zipoe. Usikalie breki kwa kuzigusagusa kutoka juu hadi chini. Na fri iache kwenye maegesho.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mzazi unayemfundisha mwanao kuendesha, usijitaabishe kumwuliza kama yeye ni wa manyuali ama wa otomatiki. Mkifika juu ya Marua, au pale barabara inapoinama kuelekea Nithi, mwulize swali moja tu: "Unashuka na gia gani?" Akiwa na jibu kabla ya kona ya kwanza, mpe funguo. Akianza kutafuta jibu katikati ya mteremko, mwambie asimame pembeni, umfundishe upya.